Leseni ya hewa: TV ya mtaa mmoja wa Bologna na swali tunaloliruka

Uzi mrefu leo, kwa hivyo tafuta chai.

Kila mara kituo cha TV kikizimwa hapa Kenya, ama kikitishiwa kuzimwa, mjadala huwa ule ule. Upande huu: "Uhuru wa habari!" Upande ule: "Leseni ni leseni, ukivunja masharti unafungiwa, hata baa hufungwa." Watu wanatukanana mpaka usiku wa manane, kesho yake tunahamia bei ya unga. Mimi hufuatilia hii mijadala sana, pengine kuliko inavyofaa afya yangu, na kuna swali moja sijaona likipewa hata dakika mbili: leseni ya utangazaji ni leseni ya nini hasa? Ya kutumia hewa, ama ya kuongea?

Hivyo ni vitu viwili. Vinafanana tu kwa sababu kwa miaka mingi hukuweza kupata kimoja bila kingine.

Njia rahisi ya kuvitenganisha ni kuangalia watu waliorusha TV bila leseni yoyote, kwa vyombo vya kuunganisha nyumbani, halafu tuulize: walimkosea nani? Siongelei YouTube. Naongelea TV ya mawimbi, ile ya antena juu ya paa. Kisa ninachokijua vizuri ni cha Italia. Twende huko kwanza, kisha turudi Limuru. Mtaona kwa nini Limuru.

Ufundi kwanza, maana watu hudhani kurusha TV ni lazima uwe na mabilioni. Wale wa umri wangu mnakumbuka deki ya video. Unaichomeka kwa TV kupitia waya ya antena, halafu unazungusha chaneli mpaka uipate, mara nyingi karibu na UHF 36. Mliwahi kujiuliza kwa nini ilibidi uitafute kama kituo? Ni kwa sababu ndani ya deki kulikuwa na kituo. Kijisehemu kidogo kinaitwa modyuleta: kinachukua picha na sauti, kinazipandisha juu ya wimbi la masafa fulani, na TV yako inadhani imepata stesheni. Tofauti na stesheni ya kweli ni kwamba wimbi hilo lilipita ndani ya waya badala ya hewani, na lilikuwa na nguvu kidogo mno.

Sasa chukua modyuleta ya aina hiyo, weka amplifaya mbele yake, na badala ya kupeleka waya kwa TV yako, ipandishe juu ya paa mpaka kwenye antena. Antena haijali kama unapokea ama unarusha, inafanya yote mawili. Basi. Wewe ni kituo. Kidogo, lakini kituo.

(Kabla mtu hajakimbia Luthuli kununua vifaa: hapa kwetu kurusha mawimbi bila leseni ni kosa la jinai. Na pia siku hizi haitakusaidia, nitaeleza sababu chini.)

Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa Via Orfeo, mtaa mmoja katika mji wa Bologna. Tarehe 21 Juni 2002 walianza kurusha Orfeo TV. Vifaa viliwagharimu kama euro 1,000 hivi, na mawimbi yalifika kama mita 200. Yaani kama ni Nairobi, ungetembea kutoka dukani kwa mama mboga hadi steji na umeshatoka nje ya eneo la matangazo. Picha ni za mtaa, watazamaji ni majirani, na wengi wao walijuana na mtangazaji kwa jina.

Bologna haikuwa ngeni kwa mambo haya. Mwaka 1976 vijana wa mji huo walianzisha Radio Alice kwa transmita kuukuu ya jeshi, na tarehe 12 Machi 1977 polisi waliingia studio na kuifunga wakati matangazo yakiendelea, wasikilizaji wakisikia mlango ukigongwa. Mmoja wa waliokuwa Radio Alice, Franco Berardi anayeitwa Bifo, ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa kati ya waanzilishi wa Orfeo TV miaka 25 baadaye. Kuna watu hawachoki.

Lakini kwa nini TV, na kwa nini 2002? Hapa ndipo siasa inaingia.

Mpaka katikati ya miaka ya 1970, utangazaji Italia ulikuwa wa serikali peke yake. Mwaka 1976 Mahakama ya Katiba ikasema watu binafsi wanaweza kurusha matangazo ya eneo lao bila kuvunja katiba. Sawa. Ila bunge halikutunga sheria ya kugawa masafa mpaka 1990. Miaka 14! Katika hiyo miaka 14 hewa ilikuwa kama shamba lisilo na hati: mwenye nguvu akafika, akaweka mlingoti, akanunua vituo vidogo kimoja kimoja. Sheria ilipokuja, ilikuta mashamba yameshazungushiwa ua, na kazi yake kubwa ikawa kubariki ua.

Ikifika 2002, chaneli tatu kubwa za binafsi za nchi nzima ziko mikononi mwa kampuni ya familia moja, na kiongozi wa familia hiyo ndiye anayeongoza serikali, ambayo nayo ina mkono katika shirika la utangazaji la umma. Simtaji. Uzi huu hautaji wanasiasa, hata wa ng'ambo. Ila mnaelewa hesabu: ukibadilisha chaneli, hujabadilisha mwenye chaneli.

Watu wa Via Orfeo wakaona hapa hakuna leseni itakayotufikia. Kwa hivyo hawakuomba. Na jinsi walivyochagua masafa yao ndiyo sehemu ninayotaka mshike.

Aliyekulia bondeni anajua hii: jirani wa mlimani anapata chaneli vizuri, wewe kule chini unapata chembe chembe na mlio wa "shhhh". Mlima umeziba wimbi. Mjini majengo hufanya hivyo hivyo. Waitalia waliita mahali kama hapo koni ya kivuli. Masafa hayo kwenye karatasi ni ya kampuni fulani, imepewa na serikali, imelipia. Lakini pale chini, kwenye huo mtaa, hayapokewi na mtu yeyote. Yapo kwenye daftari tu.

Orfeo TV iliingia ndani ya kivuli. Haikumzima mtu. Haikumfunika mtu. Jirani aliyekuwa anatazama chaneli yake jana, leo bado anaitazama. Kilichobadilika ni kwamba nambari iliyokuwa na chembe chembe sasa ina picha ya jirani.

Je, ni kosa? Kwa sheria ya Italia ya wakati huo, ndiyo, hawakuwa na kibali. Wao walijibu kwa kifungu cha 21 cha katiba yao, kinachompa kila mtu haki ya kutoa mawazo yake kwa mdomo, kwa maandishi na kwa njia nyingine yoyote ya kueneza. Hoja yao ilikuwa: kama sababu ya leseni ni kuzuia mawimbi yasigongane, na sisi hatujagongana na yeyote, leseni hii inalinda nini?

Wengine wakawaiga. Makumi ya vituo kama hivyo vikaota Italia nzima, na vuguvugu lote likaitwa Telestreet. Mwisho mwema? Si wote. Kule Senigallia, mji wa pwani, kulikuwa na kituo kiitwacho Disco Volante, ambacho baadhi ya watengenezaji wake walikuwa watu wenye ulemavu. Walipiga picha mji wao kama wao wanavyoupita: ngazi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu, milango isiyoingilika. Mwaka 2003 serikali ikawafunga kwa kukosa kibali. Baadaye kazi yao ikapata tuzo ya uanahabari ya Ilaria Alpi. Jina hilo watu wa ukanda huu wanapaswa kulijua: Ilaria Alpi alikuwa mwanahabari wa Italia aliyeuawa Mogadishu tarehe 20 Machi 1994 pamoja na mpiga picha wake, Miran Hrovatin.

Kwa hivyo kituo kimefungwa kwa sababu si halali, na kazi yake imepewa tuzo kwa sababu ni nzuri. Fikiria hilo unapoambiwa leseni inalinda ubora.

Sasa upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo, na hii ndiyo naipenda zaidi. Kampuni moja iitwayo Centro Europa 7 ilifuata njia yote ya sheria. Iliomba, ikashindana, na mwaka 1999 ikashinda leseni ya kurusha TV nchi nzima. Leseni halali, muhuri, kila kitu. Haikupewa masafa. Masafa yalikuwa yameshikwa na walioyakalia zamani, na sheria za mpito zikaendelea kuwaongezea muda. Miaka ikapita. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema mpango huo haupatani na sheria za Ulaya. Kampuni ilianza kurusha 2009, miaka 10 baada ya kushinda. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaiamuru Italia ilipe euro milioni 10.

Weka hizo mbili pamoja. Mtaa mmoja ulikuwa na hewa bila leseni. Kampuni moja ilikuwa na leseni bila hewa. Nchi ile ile, miaka ile ile. Karatasi na mawimbi vilikuwa havijuani kabisa, na anayefaidika na hali kama hiyo ni yule aliyefika mapema.

Sasa, wale wa "sheria ni sheria" msiende, mna hoja na siwezi kuiruka.

Mgongano wa mawimbi si hadithi. Transmita ya kienyeji isiyo na kichujio kizuri haitoi wimbi moja tu, inatoa na vivuli vyake kwenye masafa mengine. Redio ya FM inaishia 108 MHz, na hapo hapo juu yake ndipo masafa ya ndege yanaanzia. Mtu akirusha muziki vibaya karibu na uwanja wa ndege, rubani anaweza kusikia kelele mahali anapohitaji kusikia maelekezo. Hapo sina huruma na mtu yeyote, mzalendo ama mwanamuziki.

Na kuna maharamia wa aina nyingine kabisa. Tarehe 22 Novemba 1987 kule Chicago, mtu aliyevaa barakoa aliingilia vituo viwili usiku mmoja, kwanza WGN katikati ya habari za michezo, halafu WTTW kwa kama dakika moja na nusu. Alifunika mawimbi yaliyokuwa yakitoka studio kwenda kwenye mtambo kwa kurusha yenye nguvu zaidi. Hajawahi kukamatwa. Watu wanacheka kisa hicho mpaka leo, lakini huyo alimnyang'anya mtazamaji kile alichokuwa anatazama. Orfeo haikufanya hivyo. Tukiwaita wote "maharamia" tumeshapoteza mjadala.

Kisha kuna hoja ya sumu: bila leseni, nani atazuia chuki hewani? Hoja nzito, hasa ukanda huu. Lakini redio ambayo jina lake hutajwa kila mara hoja hii ikitolewa, RTLM ya Rwanda, haikuwa redio ya maharamia. Ilianza 1993, ikiwa na kibali cha serikali. Kilichokosekana pale hakikuwa karatasi. Chuki huzuiwa kwa sheria ya chuki na mahakama inayofanya kazi. Leseni ya masafa haiwezi kufanya kazi hiyo, na mara nyingine anayeitoa ndiye hataki ifanye.

Basi turudi nyumbani.

Ukitaka kuona hoja ya kivuli ikifanya kazi kihalali hapa hapa Nairobi, washa redio kwenye 99.9 FM. Ukiwa Korogocho unapata Koch FM. Ukiwa Kibera unapata Pamoja FM. Nambari moja, mitaa tofauti, nguvu ndogo, hakuna anayemfunika mwenzake. Vijana wa redio za jamii wamekuwa wakiishi hivyo kwa miaka mingi. Kwa hivyo mtu akikwambia hewa imejaa, muulize imejaa kwa nguvu gani ya mtambo, na mtaa gani.

Katiba yetu ya 2010 iliandikwa na watu walioelewa hili. Someni kifungu cha 34, si kirefu. Kinasema vyombo vya utangazaji vina uhuru wa kuanzishwa, isipokuwa kwa taratibu za leseni ambazo, moja, ni za lazima kwa ajili ya kuratibu mawimbi na usambazaji wa mawimbi, na mbili, haziko chini ya udhibiti wa serikali, wa siasa wala wa biashara. Kifungu hicho hicho kinaikataza Serikali kumwadhibu mtu kwa sababu ya maoni ama maudhui ya matangazo. Mpaka wake umewekwa wazi: uchochezi wa vita na wa ghasia, matamshi ya chuki, mambo ya kifungu cha 33(2). Yaani leseni ni ya mawimbi. Maneno yana mlango wake tofauti.

Sasa hii ndiyo sehemu ambayo haitajwi kwenye midahalo. Mwaka 2015 mawimbi yalibadilika. Mnakumbuka uhamiaji wa dijitali, ile Februari TV kubwa zilipotoweka karibu wiki tatu tukabaki tunagombania ving'amuzi. Kelele ilikuwa ya ving'amuzi. Kilichobadilika kweli kilikuwa kingine. Zamani, kila kituo kilikuwa na masafa yake na mtambo wake. Kwenye dijitali, masafa moja hubeba vituo vingi vikiwa vimefungwa pamoja kama abiria ndani ya matatu. Mwenye masafa si kituo tena, ni msambazaji wa mawimbi, na hao wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Signet ya KBC, PANG, na ADN ya vyombo vikubwa vya habari. Kituo cha kawaida leo kina leseni ya maudhui. Masafa hakina.

Ndiyo maana deki yako ya zamani haitakusaidia. King'amuzi hakielewi wimbi la analogi, na hakuna mtu anayezungusha tena chaneli akitafuta. Italia nayo ilimaliza kuzima analogi 2012, na pale ndipo mbinu ya kivuli ilipokufa. Hawakushindwa mahakamani, walishindwa na kisanduku.

Lakini angalia matokeo yake upande wa hoja. Kama kituo hakina masafa, hakiwezi kugongana na mtu. Sababu ile ya kwanza ya leseni, ile ya ndege na kelele, haikihusu tena, inamhusu msambazaji. Kinachobaki kwenye leseni ya kituo ni maudhui, yaani maneno. Na maneno, kwa katiba, hayazimwi kwa swichi.

Ila swichi sasa ni rahisi kuliko wakati wowote. Desemba 30, 2007, serikali ilipotaka kuzuia matangazo ya moja kwa moja, ilitoa amri na kutegemea vituo vitii. Januari 30, 2018, siku ya mkutano wa kisiasa Uhuru Park, haikuhitaji kutegemea: maafisa walikwenda kwenye mitambo ya Limuru na kuzima. Citizen, NTV, KTN na Inooro zikatoweka kwa wakati mmoja. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe tarehe 1 Februari, na bado Citizen ilikaa gizani mpaka tarehe 8. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, amri ikatoka vituo viache kuonyesha moja kwa moja, NTV na KTN zikakatwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo siku hiyo hiyo.

Linganisha na Bologna. Kuzima Telestreet ungehitaji kupanda paa moja baada ya lingine, mji baada ya mji. Kuzima TV za Kenya unahitaji gari la kwenda Limuru.

Kwa hivyo mdahalo ujao mtu akisema "walivunja masharti ya leseni", msianze kumtukana. Mwombeni ataje sharti. Kama ni la mawimbi, aonyeshe masafa ya nani yaligongwa. Kama ni la maneno, ataje maneno yenyewe na aseme ni mahakama gani iliyapima kabla waya haijachomolewa. Mara nyingi atahamia bei ya unga.

Wale mnaouliza kama matangazo ya moja kwa moja kwenye simu ndiyo Orfeo mpya: kidogo ndiyo, kidogo hapana, kwa sababu intaneti nayo ina Limuru zake, na Telegram tumeiona ikifungwa wakati wa mitihani ya KCSE. Huo ni uzi mwingine, nitauandika wiki ijayo.

Maswali hapo chini. Na nyinyi wawili mlioniuliza kwa jumbe za ndani bei ya modyuleta, siuzi.